Ndege Aliyenunuliwa Hajaokolewa

Ukilalamika kuhusu kasuku waliofungiwa kwenye bustani ya hoteli, jibu liko tayari: hao wameokolewa. Walifika wamekonda, mmoja bawa limevunjika, mwingine amejinyonyoa kifua kizima, mwenye hoteli akawaonea huruma. Leo wanakula alizeti na papai, jua likiwa kali wanarushiwa maji, wageni wanapiga nao picha. Nani mwenye roho ngumu ya kupinga jambo kama hilo? Hoja hii imeenea kutoka fukwe za Unguja na Mombasa hadi loji za Arusha na Entebbe, na sasa tunaisikia Tabora. Huku Cheyo, kata ya mji huu, inasemwa kwa uchungu wa watu wanaoona mji wao umesahaulika. Watalii wa Katavi na Mahale wanapita angani juu ya vichwa vyetu kwa sababu hatuna cha kuwashusha. Laiti tungekuwa na hoteli moja ya mapumziko yenye bustani ya ndege, wale kasuku wakubwa wa bluu na njano kutoka Amerika ya Kusini, kasuku wa kijivu wa Kongo anayeita watu kwa majina, korongo taji wawili wa kutembea kwenye nyasi, mji ungechangamka na ndege wenyewe wangepata pa kukimbilia.

Naipinga hoja hii tangu mzizi wake. Siwachukii wenye hoteli, na najua wengi wao wana huruma ya kweli. Kosa lao liko kwenye hesabu. Wanamhesabu ndege aliye mbele yao, aliyenenepa na kupona. Hawawahesabu waliokufa njiani ili huyo mmoja afike, wala hawawahesabu watakaonaswa mwezi ujao kwa sababu huyu alipata mnunuzi.

Tumchukue kasuku wa kijivu, maana ndiye anayetamaniwa kuliko wote. Kwao ni misitu ya mvua, kuanzia Ghana na Kameruni hadi Kongo, Uganda, na kwetu Tanzania kona ndogo tu ya msitu wa Minziro mkoani Kagera. Mkamataji wa Kongo ana ndege wa kuitia. Humfunga kasuku mmoja kwenye tawi, naye hulia, na wenzake hushuka kwa sababu ni ndege wa kundi wasioweza kusikia mwenzao akilia wakapita. Matawi yamepakwa ulimbo. Kwingine nyavu hutandazwa kwenye maeneo ya wazi ndani ya msitu ambako makundi hushuka kula udongo wenye chumvi. Anayenaswa hukatwa manyoya ya bawa, husukumwa kwenye kreti pamoja na makumi ya wenzake, na safari inaanza kwa pikipiki, mtumbwi na lori. Hawajui chakula wanachopewa. Wanaumana kwa hofu, wanaharisha, wanakufa. Yapo makadirio yanayoonyesha kwamba zaidi ya nusu ya wanaokamatwa hufa kabla hata ya kuvuka mpaka.

Kumbukumbu za CITES, mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya viumbe walio hatarini, zinaonyesha kwamba kati ya mwaka 1980 na 2014 zaidi ya kasuku milioni moja wa aina hii waliokamatwa porini walisafirishwa kwa vibali halali. Waliofia kwenye kreti hawamo, waliopita kwa magendo hawamo. Nchini Ghana, ambako wazee wanakumbuka makundi ya mamia yakirudi kulala jioni, watafiti walikuta mwaka 2016 kwamba kati ya asilimia 90 na 99 ya kasuku hao wametoweka tangu 1992. Mwaka huohuo mkutano wa CITES uliofanyika Johannesburg ulimwingiza kasuku wa kijivu kwenye Kiambatisho cha Kwanza, na tangu Januari 2017 biashara ya kimataifa ya waliokamatwa porini imepigwa marufuku.

Sasa mtu mwenye huruma anafika sokoni, au anapigiwa simu: yupo kasuku hapa, hali mbaya, njoo umchukue kabla hajafa. Anatoa pesa. Anarudi na ndege kwenye hoteli yake akiamini amemtoa kwenye shimo, na kwa huyo ndege mmoja ni kweli. Lakini muuzaji hana namna ya kutofautisha pesa ya huruma na pesa ya tamaa, wala hajali. Alichojifunza siku hiyo ni kwamba hata mgonjwa, hata aliyevunjika bawa, ana bei. Zamani ndege wa namna hiyo alikuwa hasara kwake, sasa ni bidhaa. Na tundu lililobaki wazi kibandani mwake atalijaza. Ninasema bila kumung'unya kwamba hoteli inayonunua ndege wa kuokoa ni mteja kama wateja wengine, na ni mteja mzuri kuliko wote, kwa sababu dhamiri yake imetulia na atarudi tena.

Watu wa Tabora wana sababu ya pekee ya kulielewa jambo hili. Mji huu ulikua juu ya njia. Misafara iliyotoka Bagamoyo kupitia Mpwapwa na Ugogo ilitua hapa Unyanyembe, ikagawanyika, mingine kwenda Ujiji na Manyema, mashariki ya Kongo, mingine kaskazini kuelekea Karagwe na Buganda. Kilichorudi pwani kilikuwa pembe za ndovu mabegani mwa wapagazi wa Kinyamwezi, na watu waliofungwa minyororo. Pembe nyingi zilizopita Zanzibar ziliishia Connecticut, Marekani, kwenye mji ambao mpaka leo unaitwa Ivoryton, ambako viwanda vilizikata vipande vyembamba vya kuvalisha vibonyezo vya piano. Familia iliyonunua piano ile haikuwa ya wauaji. Wengi wao walikuwa waumini wema waliotaka binti yao ajifunze muziki. Hawakuwahi kuona ndovu akianguka wala kijiji kikiungua Manyema. Wema wao wa sebuleni haukupunguza hata pembe moja, kwa sababu kilichosafiri kurudi barani kilikuwa fedha yao na wala si nia yao. Leo njia ni ileile na kasuku wa kijivu anatoka misitu ileile ya mashariki ya Kongo. Wajukuu wa waliopitishwa hapa kwa nguvu wanaishi Tabora mpaka sasa, wanajiita Wamanyema, na wana mitaa na misikiti yao. Katika miji yote ya Afrika Mashariki, huu ndio ungepaswa kuwa wa mwisho kudanganyika kwamba tamaa ya mbali haina damu.

Wala tusidhani hii ni habari ya Kongo tu. Ndege wetu wenyewe tumewauza kwa mamilioni. Cherero wa Fischer, yule kasuku mdogo wa kijani mwenye uso wa rangi ya chungwa na mdomo mwekundu, ni wa kwetu. Makazi yake yanaanzia Nzega na Singida, yanapanda hadi Serengeti na visiwa vya Ziwa Victoria kama Ukerewe. Mwaka 1987 alikuwa ndiye ndege wa porini aliyeuzwa kwa wingi kuliko wote kwenye biashara ya kimataifa. Sisi na Senegal tulikuwa miongoni mwa wauzaji wakubwa wa ndege hai duniani. Ilipofika mwanzoni mwa miaka ya 1990, hesabu zilizofanywa porini zilikadiria waliobaki kuwa kati ya takriban 290,000 na milioni moja, na upana wa makadirio hayo unaonyesha jinsi tulivyokuwa tukiuza mali bila kujua ghalani kumebaki nini. Usafirishaji wake ukasimamishwa. Marekani ilifunga mlango wake kwa sheria ya mwaka 1992. Ulaya ilisubiri mpaka homa ya mafua ya ndege iitishe mwaka 2005, ndipo ikazuia ndege wa porini, na mwaka 2007 zuio likawa la kudumu.

Huku kwetu biashara iliendelea kwa sura nyingine. Novemba 2010 ndege ya kijeshi ya Qatar ilipakia pale uwanja wa ndege wa Kilimanjaro, KIA, wanyama na ndege zaidi ya 100, wakiwemo twiga wanne, ikaruka nao hadi Doha. Taifa lilishtuka kwa sababu ya twiga. Ndege waliokuwemo kwenye shehena ileile hawakupata hata mstari kwenye mazungumzo ya vijiweni. Mwaka 2016 serikali ilisitisha usafirishaji wote wa wanyamapori hai. Juni 2022 TAWA, mamlaka ya usimamizi wa wanyamapori, ilitangaza kuwaruhusu wafanyabiashara kwa miezi sita wamalize wanyama waliobakia kwenye mabanda yao, wananchi wakapiga kelele, na waziri akalisimamisha tangazo hilo mara moja. Nilifurahi sana siku ile. Lakini mlango wa nje ukifungwa, wenye mabanda hutafuta soko la ndani, na soko la ndani lenye heshima kuliko yote ni bustani ya hoteli yenye kibao cha uokoaji.

Hapo nitaambiwa: ndege wa siku hizi hawatoki porini, wanazalishwa. Kasuku wa bluu na njano wa hotelini amezaliwa tunduni, baba yake amezaliwa tunduni, hajui mto Amazoni ni kitu gani. Ni kweli kwa wengi wa aina hiyo, na mtu anayesema hivyo walau ameacha kudai kwamba amemwokoa. Ndege aliyezalishwa ili auzwe hakuokolewa kutoka popote, amenunuliwa kama kochi la mapokezi. Kwa kasuku wa kijivu habari ni chafu zaidi. Afrika Kusini imekuwa msafirishaji mkubwa wa kasuku wa kijivu waliozalishwa mashambani, hasa kwenda Ghuba na Asia, na mashamba hayo yalianzishwa kwa maelfu ya ndege waliokamatwa Kongo. Karatasi ya mzalishaji haiongei. Pete ya mguuni inaweza kuvalishwa ndege yeyote akiwa kinda. Afisa wa mpakani hana namna ya kumtazama kasuku usoni akajua kama alianguliwa kwenye sanduku la mbao au kwenye pango la mti.

Hoja nzito kuliko zote, na ninaipa uzito wake, ni ile isemayo: ukiwaachia watakufa. Mtu asiye na moyo ndiye angefungua tundu leo asubuhi akajiita mkombozi. Kasuku aliyekatwa manyoya ya bawa hawezi kuruka mpaka anyonyoke na kuota manyoya mapya, na hilo huchukua miezi, wakati mwingine zaidi ya mwaka. Aliyekulia kwa watu hajui mwewe ni nani. Lakini angalia jinsi hoja hii inavyotumika. Inatajwa kama sababu ya kumweka kwenye bustani ya chakula cha jioni milele, wakati ingepaswa kuwa mwanzo wa kazi.

Tunajua kazi hiyo inawezekana kwa sababu majirani wameifanya. Nchini Rwanda korongo taji, ndege mrefu mwenye shungi la dhahabu kichwani, alikuwa pambo la bustani za matajiri na za mahoteli. Watu walimhusisha na utajiri na maisha marefu, kwa hiyo mwenye nyumba nzuri alitaka naye awe na wake wawili. Walikatwa mabawa au kuvunjwa makusudi ili wasiruke, na kwa kuwa hawakuzaana kwenye bustani hizo, kila aliyekufa alipatiwa mbadala kutoka bondeni. Mwaka 2014 daktari wa wanyama Olivier Nsengimana alianza kampeni, na serikali ikawa upande wake. Walitangaza redioni kwamba anayemmiliki korongo ajisajili bila kuadhibiwa. Hawakumnunua hata mmoja, na hilo ndilo ninalolirudia kwa kila ninayebishana naye: hawakulipa. Korongo zaidi ya 200 waliondolewa kwenye nyumba na mahoteli, wakapimwa magonjwa, wakakaa karantini. Wenye mabawa mazima walipelekwa Hifadhi ya Akagera, wakazoezwa ndani ya eneo lililozungushiwa uzio, wakaota manyoya, wakaondoka kwa wakati wao. Waliolemazwa wakatengewa kinamasi cha Umusambi, jijini Kigali, ambako wanaishi kwenye maji na matete. Hesabu ya kitaifa ya mwaka 2017 ilikuta korongo 487 porini, na miaka ya karibuni wamevuka 1,000. Kinamasi kile kinapokea watalii na kinaingiza fedha. Ila kazi haikuanzia kwa mtalii.

Kasuku wa Kongo nao wana pa kwenda. Kituo cha Lwiro, karibu na Bukavu, kilichoanzishwa kwa ajili ya sokwe na nyani, kimepokea mamia ya kasuku wa kijivu walionaswa mikononi mwa wafanyabiashara, na wapo waliorudishwa msituni. Mwaka 2010 kasuku waliokamatwa na maofisa wa Bulgaria kule Ulaya wengi walikufa, lakini manusura walirudishwa Uganda na baadhi yao wakaachiwa kwenye kisiwa cha Ngamba, ndani ya Ziwa Victoria. Ikiwa ndege aliyefikishwa Bulgaria anaweza kurudi kwenye miti ya ziwa letu, nashindwa kuelewa kwa nini aliyefikishwa Arusha au Dar es Salaam ahukumiwe kukaa kando ya bwawa la kuogelea mpaka afe.

Na kukaa huko ni kwa muda gani? Kasuku wa kijivu akitunzwa anaishi miaka 40, 50, hata 60. Hapo ndipo naona tofauti kubwa kati ya hoteli na wazee wetu. Najua nitaambiwa kwamba kufuga kasuku ni mila, kwamba nyumba nyingi za pwani na hata za Tabora zilikuwa na kasuku barazani, na mimi sitawasuta marehemu. Kasuku wa bibi alikuwa mmoja, na bibi alikuwa mmoja. Alimpokea akiwa kijana akazeeka naye, akamjua sauti, akamlaza ndani usiku, na alipokufa mjukuu alirithi tundu pamoja na deni la kulitunza. Kasuku ni ndege anayejifunga na mwenzi kwa miaka mingi. Hotelini atajifunga na nani? Mgeni analala siku mbili anaondoka. Mhudumu anayempa chakula amepata kazi Mwanza. Meneja anabadilishwa. Hoteli ya zamani ya reli hapa Tabora, iliyojengwa enzi za Wajerumani, imepita mikono mingapi tangu reli ifike mwaka 1912? Kila mwenye hoteli anaponunua kasuku anafunga ahadi ambayo hoteli yenyewe inaweza isiishi kuitimiza, na ndege anayejinyonyoa manyoya mpaka ngozi ikatoka damu ndiye anayelipa ahadi zilizovunjwa. Wataalamu wa ndege wa tunduni wanaifahamu vizuri tabia hiyo. Huwapata zaidi wapweke na waliochoka akili.

Maana akili wanayo. Mwanasayansi Irene Pepperberg alimnunua kasuku wa kijivu kwenye duka la Chicago mwaka 1977, akamwita Alex, na kwa miaka 30 mpaka Alex alipokufa mwaka 2007 alionyesha kwamba ndege huyo alitambua rangi, maumbo, idadi, na alitumia maneno zaidi ya 100 kwa kuyaelewa. Watetezi wa bustani za ndege wanaipenda sana habari hii, wanaiandika kwenye vibao. Mimi inanipa hukumu iliyo kinyume. Kiumbe mwenye akili ya namna hiyo ukimweka mbele ya meza za vinywaji arudie salamu kwa kila anayepita, umemfanyia jambo baya zaidi kuliko ungemfanyia kuku.

Wanasema watoto watajifunza. Nakubali kwamba watajifunza, na kinachonitisha ni watakachojifunza. Mtoto aliyeona kasuku kwenye wavu amejifunza kwamba kasuku ni kitu cha kwenye wavu. Hakumwona akitafuta tunda, hakuona kundi, hakuona jinsi anavyochagua pango la kutagia. Amejifunza pia kwamba ndege wa thamani ni yule wa rangi kali aliyetoka mbali, na wale wa nyumbani ni wa kupigwa manati.

Ilhali nyumbani kuna nini? Toka Cheyo uelekee Sikonge au Ugalla uingie misitu ya miyombo. Yupo kasuku wetu mwenyewe, wa kahawia mgongoni, tumbo la kijani, mabega ya njano, anaruka wawiliwawili akipiga kelele. Yupo mumbi anayetembea ardhini kwa mwendo wa mzee wa kijiji. Yupo keremkerem mdogo mwenye utosi mwekundu anayebeba jina la Richard Böhm, mtaalamu wa wanyama wa Kijerumani aliyekaa Kakoma, kusini mwa Tabora, mwanzoni mwa miaka ya 1880, akishangaa vitu ambavyo sisi tunavipita kila siku. Magharibi kuna bonde la Malagarasi na Muyovosi, eneo la kwanza la Tanzania kuingizwa kwenye mkataba wa Ramsar wa maeneo oevu mwaka 2000, na humo anaishi korongo nyangumi, ndege ambaye watu wa Ulaya na Japani hulipa kiingilio wamwone mmoja amesimama kwenye zizi.

Na yupo mlembe. Mtu wa Tabora, mkoa wa asali na wa Chuo cha Nyuki, akiniambia kwamba bila tundu mtoto hawezi kumwona ndege kwa karibu, ninashangaa amelelewa wapi. Mlembe humfuata mtu. Anakuja mwenyewe, analia juu ya mti, anaruka mti wa mbele, anageuka kuangalia kama unakuja, mpaka akufikishe penye nyuki. Warina asali wa miyombo wanaelewana naye kwa sauti. Kule Niassa, Msumbiji, utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulipima jambo hilo: warina wa Kiyao walipotoa mlio wao maalumu, nafasi ya kuonyeshwa nyuki ilipanda kutoka asilimia 17 hadi 54. Hakuna aliyemfundisha ndege huyo kwa kumfungia. Watoto wa shule wakipelekwa asubuhi moja na mrina asali, wataona ndege wa porini akizungumza na binadamu kwa hiari yake. Nitajie hoteli duniani inayoweza kujenga kitu hicho.

Suala la fedha silichukui muda mrefu. Mgeni hatapanda ndege kutoka Ulaya kuja Tabora kumwona kasuku wa Brazili, ambaye yuko kwenye kila bustani ya wanyama ya miji ya kwao. Anayetafuta ndege, na watu hao wapo wengi na wanalipa, anakuja kuona wale wasiopatikana kwingine. Historia anaipata Kwihara, kwenye tembe walimokaa Livingstone na Stanley, na bwana nyuki wa Sikonge anaweza kumwongoza msituni.

Lakini hatari ya ndege wa kigeni naisisitiza, kwa sababu sisi ndio tuna ushahidi wake kila siku. Kunguru wa India waliletwa Zanzibar katika miaka ya 1890 wale takataka. Walikula takataka, kisha mayai na makinda ya ndege wengine, wakavuka bahari, na leo Dar es Salaam na Mombasa zinahangaika kuwatia sumu. Cherero wetu wenyewe wa aina mbili walipotoroka kwa wafugaji huko Naivasha, Kenya, walichanganyika wakazaa chotara ambao sasa wanajaza miti ya ziwa lile. Kasuku wa kigeni pia huja na virusi vya ugonjwa unaoharibu mdomo na manyoya, ambao biashara ya ndege imeusambaza karibu dunia nzima. Tundu la hoteli lina mlango unaofunguliwa kila asubuhi, na kinyesi chake kinafagiliwa mpaka mtaroni. Kasuku wa kahawia wa Sikonge huenda hana kinga ya ugonjwa alioletewa kwa kreti.

Wenye moyo wa kuokoa ndege Tabora nawaonyesha pa kuanzia, na hakuna anayekwenda huko kwa sababu hapapigiki picha nzuri. Kasuku wa miyombo, mumbi na hondohondo hutaga kwenye mapango ya miti mikubwa mizee. Miti hiyo ndiyo inayokatwa kukaushia tumbaku Urambo, Kaliua na Sikonge, na kuchomwa mkaa unaopikia mjini, pamoja na wangu. Mti wenye pango la kutosha mumbi umechukua umri wa watu wawili kufika hapo. Mwenye hoteli akichukua fedha ya matundu na ya kasuku wawili wa kijivu, akakubaliana na kijiji kimoja chenye msitu wa hifadhi kwamba miti yenye mapango haiguswi, akawalipa vijana wa doria, ataokoa ndege ambao hatawaona, na sidai kwamba ni jambo rahisi kumweleza mgeni wakati wa chakula cha jioni.

Wapo ambao hawawezi kurudi popote, na hao nawatetea kama ninavyowatetea waliopo porini. Kasuku wa Amerika ya Kusini aliyezaliwa tunduni hana kwao hapa. Korongo aliyevunjwa bawa hataruka. Hao wapewe nafasi kubwa, wapewe wenzao wa aina yao, wawekwe mbali na muziki wa usiku na mikono ya wageni, waonwe na daktari wa wanyama anayewajua ndege. Wasizalishwe. Asiongezwe mwingine kwa kununuliwa, hata kama muuzaji analia simuni. Serikali isimamie kumkamata muuzaji huyo. Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009 inatosha ikitumiwa. Na TAWA, ambayo imekuwa ikiwahamasisha wananchi kufungua bustani na mashamba ya wanyamapori, isitoe kibali kwa hoteli yoyote inayojiita ya uokoaji mpaka ionyeshe, kwa kila ndege, hati ya ofisa aliyemkamata na mahali alipomkamata, na kila mwaka idadi ya waliopokelewa, waliokufa na waliorudishwa porini, ibandikwe pale mapokezi ambapo mgeni anasaini jina lake.

Hoteli ambayo safu yake ya tatu, ile ya waliorudishwa porini, haina kitu mwaka wa kwanza inaweza kuwa na sababu. Ikiwa haina kitu mwaka wa tano, inyang'anywe kibali, na ndege wake wapelekwe kwa watu wanaojua kuwarudisha.